Sheikh Kaluta Amri Abedi, Malenga wa Njia ya Misafara

Wananchi wengi wa Tanzania wanalijua jina la Sheikh Amri Abedi kwa sababu ya uwanja wa michezo wa mjini Arusha. Jina hilo hutajwa redioni siku za mechi, huandikwa magazetini, na vijana hulitamka bila ya kujiuliza lilikuwa la nani. Wachache zaidi wanakumbuka kwamba mwenye jina hilo alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha Meya wa Dar es Salaam, kwamba baada ya Uhuru alikuwa Waziri wa Sheria, na kwamba alifariki angali Waziri aliyekabidhiwa utamaduni wa taifa. Na wachache kuliko hao wamepata kukifungua kitabu chake kidogo kilichotolewa mwaka 1954, kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri.

Watu hupenda kumgawa marehemu huyu mafungu mawili: huku mshairi, huku mtumishi wa umma, kana kwamba ushairi ulikuwa burudani yake ya jioni baada ya kazi za ofisini. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba hazikuwa kazi mbili. Mshairi na Waziri walikuwa mtu mmoja mwenye wazo moja, nalo ni hili: kanuni inayokaa vichwani mwa wachache haina budi kuandikwa kwa lugha inayoeleweka, ili kila mtu apate kuijua, kuifuata, na akiona haja, kuihoji. Ili tulifahamu wazo hilo na uzito wake, yafaa tuanze na mahali alipozaliwa.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa mwaka 1924 mjini Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, katika ukoo ambao asili yake ilikuwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara. Njia hiyo ilianzia pwani, Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi kavu ya Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambako leo uko mji wa Tabora, kisha ikashuka hadi ziwani. Urefu wake ulizidi kilomita 1,000. Wazungu wa kwanza kuipita na kuandika habari zake, Burton na Speke, waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakaingia Kazeh, yaani Tabora ya zamani, mwezi wa Novemba, na kufika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Lakini njia hawakuigundua wao. Waliikuta imekwisha kukanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi, ambao walikuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba.

Hatuna haki ya kuipamba njia hiyo. Pamoja na pembe zilipita minyororo. Watu waliotekwa Manyema na kwingineko walivushwa ziwani, wakapitishwa Ujiji na Tabora, na wengi wao hawakuiona tena nchi yao. Miembe mikubwa inayosimama hadi leo mahali pengi katika njia hiyo imewafunika kwa kivuli kimoja mfanya biashara, mpagazi na mtumwa. Watawala wa bara nao hawakukaa kimya. Mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na wafanya biashara wa Unyanyembe kuanzia mwaka 1871, akaitingisha njia yote hadi alipofariki mwaka 1884. Na Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani mpaka mwisho wake mwaka 1893.

Pamoja na mizigo hiyo yote, njia ilibeba mzigo mwingine ambao haukupimwa kwa frasila, nao ni Kiswahili. Hebu tufikiri kidogo jinsi lugha hiyo ilivyoingia bara. Iliingia kama lugha ya kiongozi wa msafara akiwaamuru wapagazi, lugha ya mnunuzi akibishana na muuzaji, na lugha ya bwana akimwita mtumwa. Lakini katika miji kama Tabora na Ujiji, ambamo watu wa makabila mengi walichanganyika, baadhi yao wakiwa wametenganishwa kabisa na jamaa zao, Kiswahili kilikuwa pia lugha ya jirani na jirani, lugha ya kuposa na kuzikana. Watoto waliozaliwa humo walikipata kwa mama zao. Hivyo lugha ya amri ikaanza kuwa lugha ya nyumbani.

Wakoloni walipoijenga reli ya kati, waliifuata njia hiyo hiyo kwa sehemu kubwa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Miaka miwili baadaye, Septemba 1916, majeshi ya Wabelgiji yakitoka Kongo yaliwaondoa Wajerumani Tabora, na upande wa Kigoma ulikaa chini ya Wabelgiji hadi mwaka 1921, ulipokabidhiwa kwa Waingereza. Kwa hiyo mtoto Kaluta alizaliwa katika mji uliokuwa umeona, katika muda wa maisha ya mzee mmoja tu, wafalme wake, misafara, Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza. Utawala ulibadilika mara kwa mara. Lugha ya sokoni haikubadilika.

Kutoka Ujiji kijana huyo alikwenda kusoma Tabora, katika shule ya serikali iliyofunguliwa na Waingereza katika miaka ya 1920. Shule hiyo ilikusudiwa hasa kuwalea watoto wa watemi na machifu wapate kuwa watawala wadogo chini ya utawala mkubwa. Kinyume cha matumaini ya waasisi wake, ilitoa watu waliokuja kuuondoa utawala wenyewe. Mwalimu Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1937 hadi mwaka 1942. Ni Tabora pia ambako jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya iliweka makao yake katika miaka ya 1930, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad. Amri Abedi alijiunga nayo, akawa mhubiri wake, akajifunza Kiarabu na Kiurdu, na katikati ya miaka ya 1950 akaenda kuendelea na masomo ya dini Rabwah, Pakistan. Kabla ya hapo alikuwa amesaidia katika kazi kubwa ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, tafsiri iliyotolewa mwaka 1953. Tafsiri hiyo ilizusha mabishano makali miongoni mwa masheikh wa Afrika Mashariki, na si kazi yetu hapa kuyaamua. Linalotuhusu ni kwamba kijana wa Ujiji alikwisha kuzoea kazi ya kulichukua neno zito, linalolindwa na wataalamu, na kulitafutia Kiswahili kinachofahamika.

Sasa na tukitazame kitabu cha mwaka 1954. Kabla ya wakati huo mtu wa bara aliyetaka kujifunza utunzi wa mashairi alikuwa na shida. Ushairi ulikuwa na kwao, na kwao ni pwani: Lamu, Pate, Mombasa, Tanga, Pemba na Unguja. Tungo za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kanuni zake mtoto alizipata kwa baba au kwa shekhe wake, kwa kusikiliza na kusahihishwa. Malenga kama Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuhitaji kitabu cha kumwambia beti ni nini, kama vile mvuvi asivyohitaji kitabu cha kumweleza maji. Gazeti la serikali la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilipofungua kurasa zake kwa washairi, karani wa posta na mwalimu wa shule wa bara nao walianza kupeleka tungo. Lakini wengi walitunga kwa kuiga sauti tu, na walipokosea walichekwa bila ya kuonyeshwa kosa lilipo.

Amri Abedi aliona kwamba jambo linaloweza kusahihishwa linaweza pia kuelezwa. Akaeleza vina ni nini na mizani ni nini. Akaeleza ubeti unavyotakiwa kujitosheleza kwa maana na jinsi unavyofikia kituo chake. Akashikilia kwamba shairi ni wimbo, na kwamba tungo isiyoimbika imekosa jambo la msingi. Kisha, ili asiwe mwalimu anayehimiza asichokitenda, akaifuatisha diwani ya tungo zake mwenyewe.

Tuchukue mfano mwepesi, ambao si wa kitabu chake, tuone jinsi jambo hilo lilivyokuwa wazi. Mizani huhesabiwa kwa silabi zinavyosikika. Neno Bagamoyo lina mizani nne: ba, ga, mo, yo. Neno Unyanyembe nalo lina mizani nne: u, nya, nye, mbe. Ukiyaunganisha majina hayo mawili umekwisha kupata mizani nane, yaani nusu ya mshororo wa shairi la kawaida. Ukiongeza maneno "ni safari ya Ujiji" umepata nane nyingine, na mshororo wa mizani kumi na sita umekamilika. Katika neno mtu, herufi m peke yake huhesabiwa mizani nzima, maana sauti yake husimama yenyewe. Katika Unyanyembe, m hushikamana na be na kuwa sauti moja. Mtoto wa Kigogo, wa Kiha au wa Kihaya anaweza kuyajua haya kwa kuhesabu vidole vyake. Hana haja ya kuwa na babu aliyezaliwa Lamu.

Hapo ndipo penye uzito wa kitabu hicho. Mtu aliyezaliwa mwisho wa njia ya misafara, katika ukoo uliotoka ng'ambo ya ziwa, aliyaandika masharti ya ushairi wa watu waliozaliwa mwanzo wa njia. Hakuyaandika kwa kuwanyang'anya. Aliyachukua kwao kwa heshima na kuyasifu. Lakini tangu yalipochapishwa kwa herufi ambazo kila mwanafunzi wa shule alizisoma, ushairi wa Kiswahili haukuwa tena urithi wa damu. Ulikuwa elimu.

Wala hakuwa peke yake katika njia hiyo. Kutoka Ujiji huo huo alitoka mkongwe Saadani Abdu Kandoro, mmoja wa watu 17 walioiasisi TANU tarehe 7 Julai 1954, aliyezitumia beti kuwaamsha wananchi wakati mkutano wa hadhara ulihitaji kibali na shairi halikuhitaji. Kitabu chake Mwito wa Uhuru kilitoka mwaka 1961, na Mashairi ya Saadani mwaka 1972. Na kutoka Ugogo, katikati ya njia, alitoka Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917, akawa liwali kisha hakimu, akakiongoza chama cha UKUTA, yaani Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Yeye aliyakuza majibizano ya kishairi yaitwayo ngonjera, yaliyoenezwa mashuleni baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mnyampala alifariki mwaka 1969. Watatu hawa wote walikuwa watu wa bara, na wote waliitumikia nchi huku wakitunga. Katika historia ya lugha yetu hilo lilikuwa jambo jipya.

Mwaka 1960 Sheikh Amri Abedi alichaguliwa kuwa Meya wa Dar es Salaam. Cheo hicho kabla yake hakikupata kushikwa na Mwafrika, ijapokuwa mji ulijengwa kwa mikono ya Waafrika na wengi wa wakazi wake walikuwa wao. Baada ya nchi kupata Uhuru mwaka 1961 na kuwa Jamhuri mwaka 1962, Rais Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1963.

Tukumbuke hali aliyoikuta. Sheria za nchi ziliandikwa kwa Kiingereza. Mahakama zilikuwa za namna mbili: mabaraza ya wenyeji kwa Waafrika, na mahakama nyingine ambazo lugha yake haikueleweka kwa mshtakiwa wa kawaida. Mwananchi aliweza kushtakiwa, kuulizwa, kuhukumiwa na kupelekwa gerezani akiutegemea ulimi wa mkalimani kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwake yeye sheria ilikuwa kama mashairi ya pwani yalivyokuwa kwa mtu wa bara: kitu chenye masharti magumu, kinachojulikana na wachache, ambacho mtu huambiwa amekosea bila ya kuonyeshwa alipokosea.

Mwaka 1963 ilitungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoyafuta mabaraza ya zamani na kuweka mpango mmoja kwa watu wote, ukianzia Mahakama ya Mwanzo. Lugha ya Mahakama ya Mwanzo ikawa Kiswahili. Katika wakati huo huo wa Uwaziri wake ilianzishwa kazi ya kukusanya na kusanifu maneno ya Kiswahili ya kisheria, kazi ambayo iliendelezwa na wanasheria wa Chuo Kikuu baada yake. Si jambo dogo kupata neno. Kudai si sawa na kushtaki. Dhamana si sawa na rehani. Na mtu anaweza kupoteza shamba lake kwa sababu ya neno moja lililotafsiriwa vibaya. Kazi hiyo ilimhitaji mtu aliyezoea kupima maneno moja moja, na nchi ilikuwa naye.

Katika hotuba yake ya Desemba 1962 ya kuizindua Jamhuri, Rais alikuwa ametangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa, akieleza kwamba ukoloni ulikuwa umewafanya Waafrika waamini kuwa hawana utamaduni wa kujivunia. Mwaka 1964 utamaduni wa taifa, pamoja na maendeleo ya jamii, ulikabidhiwa mikononi mwa Sheikh Amri Abedi. Hakupata muda. Alifariki Oktoba mwaka huo mjini Bonn, Ujerumani ya Magharibi, alikokuwa akitibiwa, naye ana umri wa miaka 40 tu. Mwili wake ulirudishwa nchini na kuzikwa Dar es Salaam. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, miaka mitatu baada ya kifo chake.

Ingekuwa si haki kumaliza bila ya kuitaja lawama aliyotupiwa baadaye. Katika miaka ya 1970 ulizuka mgogoro mkubwa wa ushairi. Euphrase Kezilahabi, mwenyeji wa Ukerewe, alitoa Kichomi mwaka 1974, kitabu chenye tungo zisizofungwa na vina wala mizani. Mwaka 1976 Kulikoyela Kahigi na Mugyabuso Mulokozi walitoa Malenga wa Bara. Walioutetea ushairi wa kimapokeo walikishika kitabu cha Amri Abedi kama ngao. Waliotaka mageuzi walikiona kuwa ni ukuta. Wakasema kwamba kanuni za mtu mmoja zimefanywa sheria ya lugha nzima, na kwamba ushairi wa Kiswahili, kwa tenzi zake, tumbuizo zake na nyimbo zake za ngoma, ulikuwa mpana kuliko mshororo wa mizani kumi na sita.

Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Kila anayeandika kanuni huacha kitu nje, na wafuasi aghalabu huwa wakali kuliko mwalimu. Lakini na tuwatazame vizuri wapinzani wenyewe. Wote walikuwa watu wa bara. Nao hawakuona haya kukiita kitabu chao Malenga wa Bara. Miaka hamsini kabla ya hapo jina hilo lingeleta kicheko huko pwani. Watu hao waliweza kuzipinga kanuni kwa sababu walizijua, na walizijua kwa sababu ziliandikwa. Desturi isiyotamkwa haina pa kushikwa; mtu huambiwa tu kwamba hivyo sivyo. Kanuni iliyochapishwa humpa msomaji uwezo wa kuifuata, na pia uwezo wa kuinyoshea kidole na kusema: hapa, katika neno hili, sikubali.

Na mambo ya sheria yamekwenda vivyo hivyo, ijapokuwa polepole. Kiswahili kilichopewa nafasi katika Mahakama ya Mwanzo kilikaa miaka mingi mlangoni mwa mahakama za juu, ambako kumbukumbu na hukumu ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipopitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji wa haki. Tangu mwaka 1963 ni miaka 58, zaidi ya umri wote aliojaliwa Sheikh Amri Abedi. Kazi ya kuzitafsiri sheria zenyewe ni kubwa, nayo inadai watu wenye elimu ya sheria na masikio ya mshairi kwa pamoja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunapolisikia jina lake likitajwa siku ya mechi, tusiridhike na kulitamka tu. Njia ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikileta Kiswahili bara kikiwa lugha ya kuwaamuru watu. Mtoto wa Ujiji aliyesomea Tabora aliutumia umri wake mfupi kukifanya kiwe lugha ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimba ndani yake bila ya kuchekwa, na kuhukumiwa ndani yake akielewa anachoambiwa. Mashule yetu yana wajibu wa kukirudisha kitabu chake mikononi mwa vijana, si ili wakiabudu, bali wakisome, wahesabu mizani kwa vidole vyao, kisha waamue wenyewe watakavyotunga.